UZI: Jinsi ya kuijua chupa nzuri ya Chile (na kwa nini neno "Reserva" lisikutishe)

#1 Pipa la Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine mdau aliuliza mvinyo wa Chile ukoje, akajibiwa mstari mmoja: "Wa Chile ni wa kupikia nyama, ukitaka mvinyo nunua wa Mfaransa." Nilianza kumjibu kulekule, jibu likavimba, nikaona nianzishe uzi.

Nijitambulishe kidogo mjue nimesimama wapi. Nipo Bristol, nauza mvinyo dukani mwaka wa 11 huu, na kabla ya duka nilikuwa nabeba makatoni ghalani. Chupa za Chile zimepita mikononi mwangu kuliko za nchi nyingine yoyote, na sababu si mapenzi. Mteja akichukua ya Chile harudi kulalamika. Akichukua ya Bordeaux, kule Ufaransa, ya bei ileile, mara nyingi anairudisha ikiwa nusu, kakunja uso, anauliza kama kizibo kilikuwa kimeoza. Wala hakijaoza. Chupa yenyewe ndivyo ilivyo.

Kwa maoni yangu sifa ya Chile imeharibiwa na uaminifu wake. Nitaeleza.

Zamani mvinyo mwingi wa kule ulikuwa unakaa kwenye mapipa makubwa ya raulí, mti wao wa kienyeji, mapipa yaliyochoka, na mvinyo ukatoka umechoka vilevile, na ladha ya karanga zilizosahaulika kabatini. Waliunywa wenyewe, wakauzoea. Mwaka 1979 Miguel Torres, Mkatalani kutoka Hispania, akaingia Curicó na matanki ya chuma cha pua yanayopoozwa. Wengine wakafuata. Demokrasia iliporudi 1990 milango ya nje ikafunguka, na maduka makubwa ya Uingereza yakagundua nchi inayoweza kuwapa kontena juu ya kontena la mvinyo mwekundu safi, ulioiva, wenye ladha ileile mwaka hata mwaka, kwa bei ambayo Mfaransa haiwezi.

Haukuwa ujanja tu, hali ya hewa iliwabeba. Kiangazi chao hakina mvua. Mashariki Andes, magharibi Pasifiki yenye mkondo baridi wa Humboldt, kaskazini jangwa la Atacama. Zabibu zinaiva kwenye jua kavu bila kuoza ukungu, na maji ya kumwagilia yanashuka kutoka kwenye theluji ya milimani. Ukilima pale ukashindwa kutoa mvinyo wa kunyweka, jiulize.

Basi Mwingereza akaijua Chile kupitia rafu ya chini, akairudia miaka 30. Mtu aliyekuzoea kwa maandazi, siku ukimpikia pilau la harusi anauliza mbona leo maandazi yamepanda bei. Ndiyo hali ya Chile hadi leo. Mvinyo wao wa kati, ule wa kuanzia mara mbili ya bei ya chini, ndio naona una thamani kubwa kuliko karibu chochote dukani kwangu, na ndio mgumu kuuza.

Sasa ukisimama mbele ya rafu utafanyaje?

Kwanza, neno Reserva lipuuze. Najua linatisha, limeandikwa kwa dhahabu. Hispania lina meno: Rioja Reserva lazima iwe imekaa miaka 3, angalau mmoja kwenye pipa la mwaloni, na Gran Reserva miaka 5. Chile sheria inalitaja, ila haisemi ukae pipani miezi mingapi. Inagusia kilevi kuzidi kidogo kiwango cha chini, na kwa majina ya juu kupita kwenye mwaloni. Matokeo yake kila kampuni ina ngazi zake. Kwa hiyo Gran Reserva ya kampuni A inaweza kuwa chini ya Reserva ya kampuni B. Neno hilo linakusaidia kulinganisha chupa za nyumba moja tu.

Pili, tafuta mahali, na kadiri mahali palivyo padogo ndivyo bora. "Valle Central" ni eneo linaloanzia Maipo mpaka Maule, sawa na kuniambia mchele wako umetoka "bara". Mchele wa Kyela ni habari nyingine. Ukiona Puente Alto, Apalta, Leyda, Limarí, Itata, mtu amejifunga kwa mahali. Siku hizi kuna na maneno matatu ya ziada: Costa, yaani upande wa bahari, Entre Cordilleras, katikati ya safu mbili za milima, na Andes. Hayo mimi nayapenda kuliko Reserva kwa sababu yanakwambia kitu cha kweli. Chile kwenye ramani tunaisoma kaskazini kwenda kusini, lakini baridi ya shamba inaamuliwa zaidi na umbali wake kutoka baharini au kimo chake mlimani. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe, ya Casablanca na Leyda ina ule ukali wa ndimu kwa sababu ukungu wa bahari unaifunika asubuhi. Casablanca yenyewe ilianza kupandwa mizabibu miaka ya 1980 tu, Pablo Morandé akiwa wa kwanza.

Tatu, na hili wengi hawalijui: angalia chupa imejazwa wapi. "Embotellado en origen" maana yake imejazwa kwao. Mvinyo mwingi wa Chile unasafiri kwenye mfuko mkubwa kama tumbo la nyangumi ndani ya kontena, unajazwa chupa Uingereza au kwingineko. Si lazima uwe mbaya. Ila huo ni wa kunywa wiki hii, usiuhifadhi ukasubiri mtoto ahitimu.

Na kuonja? Hapo mkiuliza nitajibu. Karibuni, hata wa kupinga.

#2 Kiboko ya Bei

Nakaa siti ya mbele. Wengine tunajua "nyekundu" na "nyeupe" basi.

#3 mamaKulwa

Asante mkuu kwa darasa. Mimi nina swali la mlaji. Mume wangu alileta Carmenère ya Chile, nikafungua, harufu ikanijia ya pilipili hoho. Hoho kabisa, ile ya kijani ukiikata. Tukamwaga nusu tukijua imeharibika. Ilikuwa imeharibika kweli au tulimwaga hela?

#4 Pipa la Mwaloni

mamaKulwa pole, mlimwaga hela. Kidogo lakini, maana inaelekea haikuwa chupa nzuri.

Harufu ile ni kemikali ya kwenye zabibu yenyewe, pirazini, na hoho nayo inayo, ndiyo maana pua yako haikukosea. Carmenère, ambayo ni aina ya zabibu nyekundu, inayo kwa wingi na inaipoteza taratibu sana inavyoiva. Ukivuna mapema unapata saladi. Ukiisubiri hadi mwisho wa Aprili au Mei, hoho inarudi nyuma inakuwa kama pilipili ya kuchoma, na mbele linakuja tunda jeusi, kakao, na ulaini kooni ambao Cabernet, ile zabibu nyekundu maarufu, hauna.

Na kwa nini Wachile walikuwa wanaivuna mapema? Kwa sababu hawakujua kama wanayo! Hiki kisa nakipenda mno. Mbegu hii asili yake Bordeaux. Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Chile walileta miche ya Kifaransa; anayetajwa sana ni Silvestre Ochagavía mwaka 1851. Muda si mrefu mdudu wa filoksera akaimaliza mizabibu ya Ulaya. Wafaransa walipopanda upya, Carmenère wakaiacha, maana kwenye baridi na mvua yao maua yalikuwa yanapukutika bila kuzaa. Ikahesabika kama imekwisha. Kumbe ipo Chile, imechanganyika mashambani na Merlot, zabibu nyingine nyekundu, na wote wanaiita Merlot. Walishangaa tu Merlot yao mbona mingine inachelewa kuiva wiki tatu nne. Wakaivuna siku moja na ile iliyoiva. Ndiyo hoho hiyo.

Tarehe 24 Novemba 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Montpellier, Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alikuwa Chile kwenye mkutano, wakapelekwa kutembea shamba la Viña Carmen kule Maipo. Akasimama kwenye mistari ya "Merlot" akasema hii si Merlot. Moja ya alama ni jani changa: upande wa chini Carmenère ina wekundu, Merlot ni nyeupe. Fikiria nchi nzima imeuza nje mvinyo kwa jina lisilo lake! Serikali ikaitambua rasmi 1998, na hapo ndipo wakaanza kuipanda mahali pake, udongo mzito unaotunza maji, na kuivuna kwa wakati wake.

Kwa hiyo ukinunua tena chukua ya Colchagua au ya Peumo, iliyo ngazi moja juu ya ya chini kabisa, na iwe imekaa kidogo. Hoho ikibaki kwa mbali ni kama karafuu kwenye pilau, ikizidi ndiyo kosa.

#5 Shamba la Chang'ombe Dodoma

Mimi mkulima wa zabibu, Dodoma. Nimesoma hapo kwenye filoksera. Hivi ni kweli Chile hawabebeshi miche, yaani hawaiungi kwenye shina la zabibu nyingine? Na wanavuna mara ngapi? Sisi huku tunavuna mara mbili kwa mwaka na bado hela haionekani.

#6 Pipa la Mwaloni

Mkulima karibu sana, wewe ndiye unayepaswa kuleta uzi.

Wanavuna mara moja, kama Februari mwishoni kwa nyeupe za mapema mpaka Mei kwa nyekundu za mwisho. Wao wana majira ya baridi, mzabibu unapukutisha majani na kulala. Wako haulali, unaulazimisha kwa kupogoa.

Kuhusu kubebesha: ndiyo, mizabibu mingi ya Chile inasimama kwenye mizizi yake yenyewe. Filoksera haijashika nchi ile. Bahari, milima na jangwa vimeizunguka kama ukuta, na ukaguzi wao wa mimea ni mkali. Ulaya karibu kila mche umebebeshwa kwenye shina la zabibu ya Kimarekani, ambalo mdudu huyo haliwezi. Wauzaji wanapenda kusema ndiyo maana mvinyo wa Chile una "ladha asilia". Mimi hapo nakaa kimya mbele ya mteja. Faida ninayoiona ni nyingine: mizee. Maule na Itata kuna mashamba ya mizabibu yenye umri wa miaka mia na zaidi, imekaa kama vichaka, hainyweshwi, inategemea mvua ya kipupwe tu, na wengine wanalima kwa farasi mpaka leo. Ni zabibu ya País, iliyoletwa na Wahispania karne ya 16, na Cinsault, na Carignan.

Kisa cha wakulima hao kitakugusa. Kwa miaka mingi zabibu zao zilinunuliwa na makampuni makubwa kwa bei ya kutupa, zinamwagwa kwenye mvinyo wa boksi. País ilidharauliwa, "zabibu ya kijijini". Baadaye watengenezaji wachache, De Martino mmojawapo, wakaanza kuichukua Cinsault ya Itata na kuichachusha kwenye tinaja, mitungi mikubwa ya udongo ya zamani, bila mwaloni kabisa. Na wazalishaji wa Carignan ya Maule wakaunda umoja unaoitwa VIGNO, wenye masharti: mizabibu ya miaka 30 kwenda juu, isiyomwagiliwa. Ukiona VIGNO kubwa mbele ya chupa, hiyo nunua ukiwa umefumba macho.

#7 Hakimu wa Glasi

Mleta uzi unaandika vizuri, nakupa heko, lakini unaizunguka hoja. Tunazungumzia UBORA. Chile imetumia miaka 20 kuuza hadithi moja ya Berlin. Kila makala: "Chile yaishinda Bordeaux." Mwandaaji ni nani? Mwenye mvinyo ulioshinda. Unaandaa mashindano, unachagua wapinzani, unachagua miaka ya mavuno, unashinda, unazunguka dunia ukitangaza. Huko kwetu tunaita nini jambo hili?

#8 Kiboko ya Bei

Tunaita ligi ya mwenye mpira 😂

#9 Pipa la Mwaloni

Hakimu nilikuwa nakungoja.

Kwa wasiojua: tarehe 23 Januari 2004, Eduardo Chadwick wa kampuni ya Errázuriz aliandaa Berlin kuonja chupa 16 zikiwa zimefunikwa, za Chile, Bordeaux na Italia, mavuno ya 2000 na 2001. Waonjaji zaidi ya 30, waandishi na wanunuzi wa Ulaya. Aliyesimamia ni Steven Spurrier, yule Mwingereza wa Paris 1976 ambapo Wamarekani waliwashinda Wafaransa. Matokeo: wa kwanza Viñedo Chadwick 2000, wa pili Seña 2001, wa tatu Château Lafite 2000 ya Bordeaux. Mbili za kwanza zote za mwandaaji, hilo uko sahihi. Na ndiyo, baadaye alizunguka nayo Tokyo, Toronto, Hong Kong na kwingine.

Nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Niongeze hata risasi yako: Bordeaux ya 2000 mwaka 2004 ilikuwa bado mtoto. Lafite inatengenezwa ikae miaka 20, ukiifungua ina miaka minne ukakasi wake unafunga mdomo kama umekula bibo bichi. Ya Chile inatoka mapema, tunda liko juu, jua liko ndani. Kwenye meza ya chupa 16, chupa inayocheka inapata alama kuliko inayonuna. Kwa hiyo Berlin haikuthibitisha kwamba Chile ni bora kuliko Lafite.

Ila ilithibitisha kitu kimoja ambacho huwezi kukifuta: watu wanaokula kwa ulimi wao walishindwa kutenganisha. Wangekuwa na uhakika Chile ni "ya kupikia", ingejitenga yenyewe mwishoni mwa meza, nani kaandaa nani hakuandaa. Chupa zilifunikwa. Na tangu hapo watu wengine wasio wa Chadwick wamesema yao: jarida la Wine Spectator waliitaja Clos Apalta 2005 ya Chile mvinyo wao wa mwaka 2008, na hiyo Carmenère ndiyo nyingi ndani yake, mamaKulwa. Mwaka 2024 wakairudia Chile, Don Melchor 2021.

Sasa tazama jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko medali zote. Don Melchor, Almaviva na Viñedo Chadwick, mashamba matatu yenye sifa kubwa, yote yako Puente Alto, majirani kabisa, kwenye changarawe ileile iliyoletwa na mto Maipo kutoka Andes. Hilo la Chadwick lilikuwa uwanja wa polo wa baba yake, wakapanda mizabibu 1992. Changarawe inapitisha maji haraka, mzabibu unahangaika, zabibu zinakuwa ndogo zenye ganda nene. Usiku upepo wa baridi unashuka mlimani. Makampuni tofauti, watengenezaji tofauti, na bado ukionja zote tatu kuna kitu kimoja kinajirudia, harufu kama ya mkaratusi na mnanaa kwa mbali, na ukakasi laini. Pesa haiwezi kununua kitu cha namna hiyo kwa matangazo. Jiji la Santiago linayasogelea mashamba hayo kila mwaka, majengo yameshafika uzioni.

#10 Hakimu wa Glasi

Sawa, la Puente Alto nakupa. Lakini ngoja nikubane kwenye bei. Hizo tatu ulizozitaja bei yake sasa si ya Chile tena. Almaviva ni ubia na kampuni ya Kifaransa ya Baron Philippe de Rothschild tangu 1997, inauzwa kupitia wafanyabiashara wa Bordeaux kama mvinyo wa Bordeaux. Kwa hiyo sifa wanaipata kwa kujifananisha na Mfaransa. Cabernet, mwaloni mpya wa Kifaransa, chupa nzito kama tofali. Ukishavaa suti ya mtu, usiseme ni kanzu yako.

#11 Pipa la Mwaloni

Hapo umenipata vibaya, na nimekaa na hilo jibu siku nzima.

Ni kweli. Miaka ya 1990 na 2000 Chile waliamini ngazi ya juu ni kuwa Bordeaux ya pili. Zabibu ikaachwa mtini mpaka inakaribia kusinyaa, kilevi kikapanda asilimia 14 na nusu, 15, mwaloni mpya juu yake, kwa sababu chupa za namna ile ndizo zilizokuwa zinapewa alama. Nilishawahi kuonja kumi mfululizo kwenye maonyesho ya wauzaji na ya nane sikuitofautisha na ya tatu. Kuhusu alama zenyewe: Viñedo Chadwick 2014 ndiyo ya kwanza ya Chile kupata alama 100, kutoka kwa mkosoaji wa mvinyo James Suckling. Tangu hapo mia zimekuwa zinaonekana mara kwa mara, na dukani kwangu kibandiko cha 92 hakimsisimui mtu tena. Mashindano mengi ya medali mzalishaji analipia kila chupa anayoingiza. Si hongo, lakini anayelipa ndiye anayeonjwa. Mkulima wa Itata mwenye ekari nne hayumo.

Lakini mkuu, upepo umegeuka. Wengi wameanza kuvuna mapema zaidi, wametumia mapipa makubwa ya zamani au zege, wameacha tunda liongee. Ukitaka kanzu ya Chile yenyewe usiende Puente Alto. Nenda Limarí kwenye Chardonnay ya udongo wa chokaa, ina chumvi kabisa mdomoni. Nenda Malleco kusini kabisa kwenye mvua. Nenda Itata. Hizo hazifanani na Mfaransa, hazifanani na mtu.

#12 Kijana wa Nyali

Hello kutoka Mombasa. Mbona hamtaji Casillero del Diablo? Ndiyo ya Chile tunayoiona huku supermaketi kila siku. Nilinunua moja na Cabernet nyingine ya Chile kwa duka fulani hapa mjini, zikiwa zimepangwa kwa dirisha, jua linachoma. Zote zilikuwa tamu-tamu kama jemu, na kizibo cha hiyo nyingine kilikuwa kimejitokeza kidogo juu. Nikaapa Chile sitarudi.

#13 Red Devil wa Mbagala

Casillero ndiyo iliyosaini na United hiyo! Mkataba wa 2010. Shetani kwenye lebo, shetani kwenye jezi.

#14 Pipa la Mwaloni

Haha, Red Devil, kisa cha shetani ni kizee kuliko mpira wenu. Don Melchor de Concha y Toro, yule mwenye jina la mvinyo niliotaja juu, alianzisha 1883 kampuni inayotengeneza Casillero. Wanasimulia alikuwa anaibiwa chupa kwenye ghala lake la chini, akaeneza uvumi kwamba ghalani anakaa shetani. Wezi wakakoma. Mimi nasema kama mwizi alikuwa anachagua ghala lile, basi mvinyo ulikuwa mzuri.

Kuhusu ubora: Casillero ni mfano kamili wa niliyosema mwanzo. Kila mwaka ni safi, kila mwaka iko sawa, haitakushangaza. Mgeni akija ghafla ni chupa ya salama.

Kijana wa Nyali, wewe hukunywa Chile, ulinywa dirisha. Mvinyo ukikaa kwenye joto la pwani wiki kadhaa unapikika: tunda linageuka jemu, harufu inakuwa ya zabibu kavu, na mvinyo unatanuka unasukuma kizibo. Ukiona kizibo kimepanda au kuna mchirizi wa kunata chini ya karatasi ya shingoni, iache. Kwa hali ya hewa ya kwetu nawashauri hivi: nunua duka lenye mzunguko, chagua chupa ya rafu ya ndani isiyopigwa na taa, na kwa nyeupe usichukue ya zaidi ya miaka miwili mitatu. Kifuniko cha kuzungusha usikidharau, hakiozi, ingawa na chenyewe hakizuii joto. Na mwekundu uweke friji nusu saa kabla ya kuunywa. "Joto la chumba" wanalolisema vitabuni ni la chumba cha Ulaya, si cha Kisauni mwezi wa pili.

#15 Kijana wa Nyali

Hiyo ya friji naanza leo. Nilikuwa naunywa moto kama chai.

#16 Shamba la Chang'ombe Dodoma

Narudi kwenye jambo langu. Umesema hawana mvua kiangazi na maji ni ya theluji. Theluji ikikosekana?

#17 Pipa la Mwaloni

Umegusa penyewe. Tangu 2010 wako kwenye ukame ambao wameupa jina kabisa, ukame mkuu. Mabwawa yameshuka, wengine wa kaskazini wameng'oa. Ndiyo maana makampuni makubwa yanasogea kusini, na ndiyo maana ile mizee isiyomwagiliwa ya Maule na Itata imeanza kuheshimiwa. Ila na wenyewe hawako salama: mwanzoni mwa 2023 moto wa misitu uliunguza Itata na Biobío, na mizabibu mikongwe ikaungua humo. Kabla yake tetemeko la Februari 2010, ukubwa wa 8.8, lilipasua matanki, mvinyo wa lita milioni 125 hivi ukamwagika chini. Mwaka ule bado walileta mavuno. Mimi ghalani niliyapokea makatoni.

#18 Hakimu wa Glasi

Nilitafuta hiyo VIGNO wiki mbili. Nimeipata kwa mtu anayeleta mzigo kutoka Ulaya. Nimeinywa jana na mbuzi wa kuchoma.

#19 Pipa la Mwaloni

Eheee, leta hukumu.

#20 Hakimu wa Glasi

Ina uchachu unaokata mafuta ya mbuzi kama ndimu. Ukakasi upo lakini wa kistaarabu. Kuna harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Haikunikumbusha Bordeaux hata kidogo. Kesi naiahirisha mpaka chupa ya pili.

#21 mamaKulwa

Na mimi nimerudia Carmenère, ya Peumo safari hii. Hoho ipo, kwa mbali. Mume kamaliza yake, sasa anaivizia ya kwangu.